"Uchafuzi" au "Ugandukaji"? Istilahi ya Aseniki ya Asili katika Maji ya Ardhini

Istilahi iliyozoeleka ya kueleza kuwamo kwa sumu majini ni "uchafuzi". Makala haya yanadai kuwa, kwa aseniki ya asili, istilahi hiyo inapotosha. Chafua ni kitenzi elekezi, na uchafuzi humdai mchafuzi. Je, nchini Bangladesh mchafuzi ni nani?

Tangu miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa huko kwa wingi ili watu waepukane na maji ya madimbwi yaliyoeneza maradhi ya kuhara. Mwaka 1993 aseniki iligunduliwa visimani. Upimaji wa 1998–1999 ulibaini kuwa asilimia 27 ya visima visivyofikia kina cha mita 150 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha nchi hiyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kisichozidi 10.

Hapakuwa na kiwanda. Mito ya Ganges na Brahmaputra ilileta mashapo kutoka Himalaya, na aseniki ilikuwa imegandama juu ya oksidi za chuma zilizofunika chembe za mashapo hayo. Mabaki ya mimea yaliyofukiwa humo huliwa na bakteria. Oksijeni inapokwisha, bakteria huhamishia elektroni kwenye chuma. Oksidi huyeyuka, na aseniki huganduka na kuingia majini. Hapa mfasiri ajihadhari: kuiita hatua hiyo "kupunguza" chuma, kama neno la Kiingereza linavyoshawishi, ni kosa, maana chuma kilichomo majini huongezeka!

Wapo waliodhani kwamba umwagiliaji ulishusha kina cha maji, hewa ikapenya na kuozesha madini ya pairiti. Nickson na wenzake waliipinga nadharia hiyo mwaka 1998. Kwa mwanaisimu tofauti si ndogo: nadharia ya kwanza inamrejesha mchafuzi, yaani mkulima mwenye pampu.

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza "ugandukaji". Kiambishi -k- cha kutendeka hakidai mtenda, na jozi gandama/ganduka inabeba kemia yenyewe.

Linabaki suala la kirai chetu "maji safi na salama", ambacho vivumishi vyake tumezoea kuvichukua kama kimoja. Maji yenye aseniki huweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha. Ndiyo maana huko Bangladesh midomo ya pampu ilipakwa rangi: nyekundu kwa visima vilivyozidi kiwango, kijani kwa vilivyobaki.