DUA NA DAWA: DARSA JUU YA MGONJWA WA KIFAFA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa zetu suali moja hurudi mara kwa mara, nalo ni hili: Mgonjwa ambaye jamaa zake wamsomea Qur'ani na kumwombea usiku na mchana, je, yafaa apelekwe kwa daktari, au kumpeleka huko ni upungufu wa kutawakali? Wengi waulizao haya huwa na mgonjwa nyumbani, na mara nyingi mgonjwa huyo ni mtoto mwenye kifafa. Kwa hivyo tumeona tulijibu suali hili kwa ugonjwa huu khasa, kwani ndio ambao watu wa mwambao wetu wameuchanganya sana na mambo ya pepo.

Nafasi ya sala na dua

Yatupasa kwanza tujue sala ni nini kwa mgonjwa. Sala ni ibada. Mtu husali kwa kuwa ameamrishwa, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, wala hasali kwa sharti ya kuwa apone. Walakini ndani ya ibada hiyo mna manufaa makubwa ya nafsi na ya mwili. Katika Sura Ar-Ra'd, aya ya 28, twafahamishwa ya kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Na mwenye moyo uliotulia hulala usingizi wake, husikiliza anayoambiwa na tabibu, na hustahimili dawa chungu na siku nyingi za matibabu. Ama aliyejaa khofu, huyo huuza mbuzi wake na dhahabu ya mkewe akizunguka kwa kila mganga aliyetajiwa, na mwisho hana mali wala siha.

Tena tazameni jinsi sharia inavyouhurumia mwili wa mgonjwa. Imran bin Husein alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya sala, naye akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu. Anayedhuriwa na maji hutayamamu kwa mchanga. Na katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Basi dini iliyolegeza nguzo zake kwa ajili ya mwili wa mgonjwa, itawezaje kuwa ndiyo sababu ya kunyimwa dawa?

Kutibiwa ni katika kufuata Sunna

Usama bin Sharik amepokea kuwa mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa uzee. Aliyetamka haya ndiye aliyekuwa akiwaombea wagonjwa kwa ulimi wake mtukufu, na ambaye dua yake haina mfano. Kama dua ingekuwa yazuia dawa, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuikataza.

Nabii Ayub (A.S.) alimwomba Mola wake katika dhara yake, akaitikiwa. Lakini jawabu lilikuja pamoja na kazi: katika Sura Swad, aya ya 42, twaona ameamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na ya kunywa. Mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu, na sababu ni zake. Anayeipokea sababu amemtii, na anayeikataa hali iko mkononi mwake asidhani kuwa ametawakali.

Na iko hadithi nyingine ambayo twaomba kila mwenye kuombwa rai na watu aizingatie. Jabir amepokea, na Abu Daud ameiandika, kuwa walikuwa safarini, na mtu mmoja akapigwa na jiwe, likampasua kichwa. Kisha usiku akaota, akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomwua, na kwamba iliwapasa waulize walipokuwa hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Watu wale hawakuwa waovu. Walidhani wailinda dini. Walakini hawakuepuka lawama, kwa kuwa walisema bila ya elimu juu ya roho ya mtu. Basi ni hali gani ya yule amwambiaye mama kuwa asimpe mwanawe vidonge vya hospitali kwa kuwa pepo havitaki?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo

Mabingwa wa tiba wamethibitisha kuwa kifafa hutokana na ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo ndogo za umeme, na ishara hizo zikivurugika kwa ghafula mtu huanguka, viungo vikakakamaa na kutetemeka, au hutumbua macho kitambo asijue alipo. Sababu zake ni nyingi: taabu wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, na nyingine hazionekani. Huku kwetu Kilifi, katika kituo cha utafiti wa tiba kilichoanzishwa mwaka 1989, wataalamu wamewachunguza watoto walioshikwa na malaria kali, wakaona kuwa baadhi yao, hata baada ya malaria kuondoka, hubakiwa na kifafa. Hii yatuonyesha kuwa chandarua juu ya kitanda cha mtoto ni kinga bora kuliko hirizi shingoni mwake.

Shirika la Afya la Ulimwengu lakisia kuwa watu milioni 50 hivi duniani wana ugonjwa huu, na kuwa hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila ya kuanguka lau watatibiwa ipasavyo. Dawa moja yake, fenobabitoni, yatumika tangu mwaka 1912 na bei yake ni nafuu. Tena kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa halimpi mtu kifafa, na anayemkimbia mgonjwa akamwacha aungue motoni au azame kisimani, amekimbia kitu kisichokuwapo na kuacha wajibu uliopo.

Habari ya pepo

Huenda mtu akasema: Mwakanusha majini, nao wametajwa katika Qur'ani? Twajibu: Hatukanushi, na Muislamu hakanushi. Lakini kuamini kuwa majini wako ni jambo moja, na kudai kuwa jini fulani yumo ndani ya mtoto wa fulani ni jambo jingine, lahitaji elimu. Katika Sura Al-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo. Hata Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ambaye akithibitisha kifafa cha majini, aliandika kuwa kifafa ni namna mbili, na kwamba namna moja yatokana na mwili nayo ni ya matabibu. Basi huyo mganga wa mtaani, ambaye hapimi wala haulizi, ameijuaje namna aliyo nayo mgonjwa? Nasi twastaajabu na pepo hawa ambao kila mara huomba mbuzi, na kitambaa, na marashi, na fedha, na vyote hivyo mwisho wake huwa nyumbani kwa mganga!

Imepokewa na Bukhari kuwa mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.) akashtaki kuwa huanguka na nguo zikamfunuka. Akampa hiari: avumilie apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kuvumilia, ila aliomba asifunukwe, naye akamwombea. Tazameni: hakufanyiwa ngoma, hakupigwa, hakufungiwa chumbani, wala hakuambiwa kuwa ni mwenye laana. Ibn Abbas akimwonyesha kwa watu kuwa ni katika watu wa Peponi. Wala haifai mtu kuitoa hapa hoja ya kumnyima mtoto dawa, kwani yule mama alijichagulia nafsi yake, na mtoto hajichagulii.

Kumsomea mgonjwa Al-Faatiha na dua zilizothibiti ni jambo jema, na mzazi mwenyewe aweza kulifanya bila ya kulipa hata senti moja. Yaliyo haramu ni kafara za pepo, ramli, na hirizi za kutegemewa badala ya Mwenyezi Mungu. Na kumpiga mgonjwa, au kumfukiza moshi hata akakosa pumzi, ni dhulma.

Yanayotupasa

Mtu akianguka, ondoeni vitu vinavyoweza kumdhuru, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni kwa ubavu. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, msimkandamize, wala msimpe maji mpaka azinduke. Ikipita dakika 5 naye angali akitetemeka, au akianguka mara ya pili kabla ya kuzinduka, mkimbizeni hospitali.

Dawa zitumiwe kila siku, hata miezi ipite bila ya kuanguka, kwani kuziacha ghafula huleta hatari kubwa kuliko mwanzo. Wala asidhani mtu kuwa kuziendeleza ni shaka katika dua yake; huenda hizo ndizo jawabu la dua yake. Njia nyepesi ya kutosahau ni kuzifunga na sala: aliyeandikiwa asubuhi na usiku ameze baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia amwulize daktari kabla ya kufunga, na akiambiwa kuwa saumu yamdhuru, aichukue ruhusa ya Mola wake kwa moyo mweupe. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitaraji, asiziache kwa rai yake, bali aende kwa daktari mapema, kwani ziko zinazoweza kumdhuru mtoto, naye humbadilishia. Na aliyezimia akazinduka, udhu wake umevunjika. Atawadhe tena asali, na akioga ni bora zaidi.

Tena mtoto huyu apelekwe chuoni na skuli kama wenziwe, na akikua asizuiliwe kuoa wala kuolewa kwa sababu ya ugonjwa huu.

Enyi ndugu zetu, na khasa nyinyi walimu wa vyuo na maimamu, watu huja kwenu kabla ya kwenda kwa daktari, na neno lenu hupokewa. Akija mzazi na mtoto wake, msomeeni, mwombeeni, kisha mwambieni kwa ulimi ulio wazi: Sasa mpeleke hospitali leo hii. Neno hilo moja huenda likamwokoa mtu na moto wa jikoni, na kumnyamazia huenda kukatutia katika lile lawama la wale wenziwe mwenye jeraha la kichwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuuliza tusiyoyajua. Amin.