Nyigu Mdogo na Mihogo Yetu

Mwaka jana wakati wa kiangazi nilikuwa msimamizi wa shamba la shule. Asubuhi moja niliona vichwa vya mihogo yetu vimejikunja kama ngumi, na ndani yake mna wadudu weupe, mithili ya waliopakwa unga. Nikakimbia kwa mwalimu wa kilimo kuomba dawa ya kunyunyiza. Nilidhani atanisifu. Badala yake aliniambia, "Kata kichwa kimoja, ukitie katika chupa, ufunge mdomo kwa kitambaa, kisha ungoje."

Tulipokuwa tukingoja alitueleza habari za mdudu huyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa na Brazzaville, akaenea upesi kwa sababu adui zake walibaki kwao. Watu wakakosa mihogo, wakakosa sombe, hata vijiti vya kupanda.

Ndipo wataalamu walipokwenda kumtafuta adui huyo. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay: nyigu mdogo sana, asiyeuma watu. Alichunguzwa kwanza Uingereza, asije akaleta balaa nyingine, na mwaka huo huo akaachiliwa Nigeria. Baadaye alipelekwa nchi nyingi za Afrika. Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Je, nyigu huyo hufanyaje kazi? Jike humchoma mdudu mweupe na kutaga yai ndani yake. Mtoto akianguliwa humla mdudu kutoka ndani, mpaka libaki ganda kavu. Kisha hukua, akatoboa tundu, akatoka kutafuta wengine. Hawamalizi wote, chakula chao kikipungua, nao hupungua. Lakini mihogo hupona.

Basi, baada ya siku kadhaa tuliona katika chupa nyigu saba weusi, kila mmoja kama punje ya ulezi. Nilinyamaza. Kama ningalipewa dawa niliyoiomba, ningaliwaua askari wetu wenyewe, na wadudu waliojificha ndani ya majani wangalibaki wakizaana. Tukafungua kitambaa katikati ya shamba.

Mvua zilipokuja, nazo zilisaidia, na mihogo ikachipua vizuri. Siku hizi, kabla ya kushika bomba la dawa, mimi hufunua jani kwanza nione ni nani walio kazini. Nanyi wenye mashamba nyumbani, fanyeni vivyo hivyo. Msimwue askari kwa kosa la mwizi.