Macho Yachague, Ubongo Uthibitishe

Mtu aliyepooza mikono na miguu ataandikaje kwenye kompyuta? Ukikutana na swali la namna hii, anza na umeme wa mwili.

Mwaka 1929 daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha vipimo vya umeme wa ubongo wa binadamu, uliopimwa kwa elektrodi kichwani. Umeme huo ni mdogo mno, makumi ya mikrovolti tu. Jicho nalo ni kama betri: upande wa konea ni chanya, wa retina ni hasi. Jicho likigeuka, elektrodi zilizo kando yake hupima badiliko.

Jihadhari hapa. Usiandike kwamba macho peke yake yanatosha. Fikiria mifereji ya umwagiliaji ya Digodigo: mkulima akitazama mfereji, maji hayageuki hadi aamue kuufungua. Kompyuta inayofuata macho tu haijui kutazama kupi ni kuchagua; ingefungua kila ulichokitupia jicho. Kwa hiyo macho hupeleka kishale kwenye herufi, kisha mtumiaji huwaza kukunja kiganja. Mawimbi ya ubongo hubadilika, na herufi huandikwa. Ubongo peke yake ungeweza, ila polepole sana.

Tatizo moja: kupepesa macho huchafua vipimo vya ubongo, maana umeme wa jicho una nguvu zaidi.

Swali: Kwa nini aliyeumia uti wa mgongo shingoni bado anaweza kutumia kifaa hiki?

Jibu: Neva zinazoendesha macho hutoka moja kwa moja kwenye ubongo, hazipiti kwenye uti wa mgongo.