Vidonge vya Kuamsha Yai: Tujifunze Kabla ya Kununua

Katika vikundi tunavyotembelea swali hili huulizwa pembeni, mkutano ukishafungwa: "Hivi vidonge vya kupata mtoto ni pesa ngapi?" Bei si swali la kwanza. Kwanza tuelewe vinafanya nini.

Dawa yenyewe ni klomifeni, wengi huijua kwa jina la Clomid. Imetumika tangu miaka ya 1960. Kazi yake ni moja tu: kusaidia yai likomae na litoke kwenye ovari.

Tuchukue mfano wa tangi la maji la kikundi. Ndani kuna boya. Maji yakijaa, boya hupanda na kufunga bomba. Yakipungua, hushuka na bomba hufunguka. Mwili wa mama una mpango kama huo. Maji ni homoni ya estrojeni inayotoka kwenye ovari, na boya liko kwenye ubongo. Ubongo ukiona estrojeni inatosha, hupunguza homoni zake za kuamsha ovari. Sasa klomifeni hukalia kiti cha estrojeni pale ubongoni, ni kama mtu ameshika boya chini. Maji yapo, lakini boya linasema hayapo. Basi ubongo hutuma homoni zaidi, ovari inaamka, yai linakua.

Lakini mirija ya uzazi ikiwa imeziba, labda kwa kisonono au klamidia ya zamani isiyotibiwa, yai litatoka na njia haipo. Mbegu za mume zikiwa na kasoro, mama atameza bure. Na hapa tuseme wazi: kuna akina mama waliorudishwa kwao kwa kuitwa tasa, na bwana hajapimwa hata siku moja. Kupima mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopitia mama. Mwaka ukiisha bila mimba (miezi 6 kama mama ana miaka 35 au zaidi), waende hospitali wote wawili.

Daktari akiona shida ni yai halitoki, kwa kawaida huanza na miligramu 50 kila siku kwa siku 5, kuanzia kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Yai hutarajiwa siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho, na siku hizo mume na mke wawe pamoja. (Mabwana mnaofanya kazi Nairobi, ombeni ruhusa mapema!) Kwa kawaida matibabu hayazidi miezi 6. Siku hizi wengi hupewa letrozoli badala yake. Hiyo haishiki boya, hupunguza maji yenyewe.

Usimeze vidonge vya jirani. Mwenye mimba tayari, ugonjwa wa ini, au damu inayotoka bila sababu kujulikana, hafai kuvitumia. Mapacha huongezeka. Joto la ghafla mwilini na kuumwa kichwa hutokea. Lakini macho yakiona ukungu au vimulimuli, au tumbo likivimba na kuuma sana, acha dawa urudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaouliza kama Kanisa linakubali: hati ya Donum Vitae ya 1987 haikatazi tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae bila kuchukua nafasi yake.

Swali la mkutano ujao: mwanakikundi akiomba mkopo wa matibabu haya, mtajuaje kama bwana naye amepimwa, bila kumwaibisha mama mbele ya watu?