Katibu Mahsusi na Nafasi Yake Kwenye Maamuzi

Matangazo ya ajira serikalini nchini Tanzania huieleza kazi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi, ambaye wengi bado wanamwita katibu mahsusi, kwa mistari michache: kuchapa barua na nyaraka za kawaida na za siri, kupokea wageni, kutunza kumbukumbu za miadi, vikao na safari za mkuu wake, kumtafutia majalada, kufikisha maelekezo yake kwa wasaidizi. Anayeomba anatakiwa awe na stashahada ya uhazili na awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Si kazi nyepesi. Anayeweza kunasa maneno 100 kwa dakika na kuyarudisha bila kupotosha maana amejifunza kusikiliza kuliko wengi wanaokaa kwenye kikao anachokinukuu.

Mistari hiyo, hata hivyo, imeacha jambo kubwa. Barua ya mhasibu, lalamiko la mteja, simu kutoka wizarani na dokezo la kitengo cha ununuzi hupita kwa katibu kabla ya kumfikia mkuu, mara nyingi siku hiyohiyo. Kila mkuu wa idara anaona kipande chake. Katibu anaviona vyote. Huo ndio mtaji wa msaidizi anayetaka kuvuka kutoka kuandaa kikao hadi kuandaa uamuzi, na kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mkuu anayefanya naye kazi.

Wawili waliokaa karibu na mkuu

Joan Wicken, Mwingereza aliyesoma Oxford, alifika Tanganyika katika miaka ya 1950. Alishiriki kuchangisha fedha za kuanzisha Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kisha akawa msaidizi binafsi wa Mwalimu Julius Nyerere kwa zaidi ya miaka 30, hata baada ya Mwalimu kung'atuka urais mwaka 1985. Alisaidia kuandaa hotuba na maandishi yake ya Kiingereza. Hakuwa na wizara wala jimbo, na hakupenda kuonekana hadharani. Uzito wake ulitokana na kuyajua mawazo ya mkuu wake kiasi cha kuweza kuyahoji kabla hayajawekwa kwenye karatasi.

Ursula Burns alipita njia nyingine. Aliingia kampuni ya Xerox ya Marekani mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa uhandisi kwenye mafunzo ya kazi. Mwaka 1990 aliombwa awe msaidizi wa mmoja wa viongozi wa juu, Wayland Hicks, naye akasita, kwa sababu aliona ni kumtoa kwenye uhandisi na kumpeleka kubeba mafaili. Alikubali. Muda si mrefu, katika vikao vya kampuni, akamsikia mkuu wa kampuni, Paul Allaire, akirudia agizo la kusitisha ajira huku watu wapya wakiendelea kuajiriwa kila mwezi. Burns alimuuliza mbele ya wote ni nani basi mwenye uwezo wa kulisimamia agizo hilo. Baadaye Allaire alimfanya msaidizi wake mwenyewe. Julai 2009 Burns akawa mtendaji mkuu wa Xerox, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyo kwenye orodha ya Fortune 500.

Kuna tofauti ambayo haifai kufichwa: Burns alikuwa mhandisi aliyepewa usaidizi kama sehemu ya kuandaliwa kwa uongozi, jambo ambalo ofisi nyingi za kwetu hazimfanyii katibu wao. Lakini yeye na Wicken wanafanana katika jambo moja ambalo kila msaidizi anaweza kulifanyia kazi. Wote wawili waliingia ofisini wakiwa na fani ya kuegemea, mmoja elimu na siasa za uhuru, mwingine uhandisi. Kasi ya kuchapa pekee haimfikishi mtu kwenye mashauri. Katibu wa hospitali ya rufaa aelewe jinsi dawa zinavyoagizwa na madai ya bima yanavyolipwa. Wa halmashauri aijue bajeti kifungu kwa kifungu. Wa kampuni aweze kusoma taarifa ya mapato na matumizi bila kusubiri mhasibu amfafanulie.

Kazi inaanzia kwenye dokezo

Chukua dokezo la kurasa nane linaloomba idhini ya kununua magari mawili. Msaidizi wa kawaida hulisajili na kuliweka mezani kwa mkuu. Msaidizi anayekua hulisoma kwanza. Anabandika juu yake nusu ukurasa: kinachoombwa ni nini, kinagharimu kiasi gani, kimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka au hakimo, idara gani haijatoa maoni, na mkuu aliamua nini jambo kama hili lilipoletwa mara ya mwisho. Hapendekezi uamuzi asipoombwa. Lakini kwa mkuu mwenye madokezo 30 ya kupitia kabla ya saa sita, nusu ukurasa huo unaweza kumwepusha na saini ya majuto, na baada ya miezi michache yeye mwenyewe ataanza kuuliza, "Wewe unaonaje?"

Ajenda ya yatokanayo ni uwanja mwingine ambao wasaidizi wengi wanauacha. Vikao vingi hupoteza muda kusikiliza kuwa azimio la kikao kilichopita "linaendelea kufanyiwa kazi". Katibu anayewafuatilia wahusika wiki mbili kabla, akaandika nani amekamilisha, nani amekwama na amekwamishwa na nini, anamfikishia mwenyekiti taarifa ambayo hakuna idara ingempa kwa hiari. Huo tayari ni usimamizi wa utekelezaji.

Vivyo hivyo kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza Julai 1, na mkutano wa Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni. Msaidizi anayepokea mwaliko wa warsha ya wiki nzima mwezi Mei kwa ajili ya katibu mkuu wa wizara, akauingiza tu kwenye ratiba kwa kuwa siku hizo zilikuwa wazi, hajaijua ofisi yake.

Ukaribu na mkuu una hatari zake. Wapo wanaogeuza mlango wa bosi kuwa kituo cha ushuru, anayewapendeza anaingia, asiyewapendeza anazungushwa. Wapo wanaosema "mkuu ameagiza" kabla mkuu hajaagiza. Ofisi hukaa kimya, ila inaona, na imani ikipotea hairejeshwi na cheti chochote.

Siku hizi siri za ofisi nazo zina tundu jipya. Programu za akili mnemba huandaa muhtasari wa kikao kwa dakika chache, na msaidizi anayezikataa kabisa atachoka bure. Lakini kumwaga kwenye programu ya bure ya mtandaoni faili la nidhamu la mtumishi, au orodha ya wagonjwa, ni kuzitoa taarifa za watu nje ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu pia wanaoshika kalamu ya mkuu.

Kuomba nafasi, na wajibu wa mkuu

Msaidizi anayefanya kazi kubwa kimyakimya akitumaini ataonekana, mara nyingi hustaafu akiwa amesifiwa sana na bila kupandishwa. Aende kwa mkuu wake na kumbukumbu za miezi sita: maazimio aliyoyafuatilia, makosa aliyoyanasa kwenye nyaraka, muda uliookolewa. Aombe jambo moja mahususi, kwa mfano kukaa kwenye kikao cha menejimenti kama sekretarieti badala ya kuitwa kuleta chai na vitabu vya kikao, au kusimamia mradi mmoja mdogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa watumishi wa umma, mfumo wa kupima utendaji kazi, PEPMIS, uliochukua nafasi ya ule wa OPRAS, unamtaka kila mtumishi awe na malengo yanayopimika. Hapo ndipo pa kuyaandika majukumu hayo mapya, ili mkuu akihamishwa yasiondoke naye.

Mkuu naye amweleze msaidizi wake sababu za uamuzi, angalau dakika kumi kila asubuhi, na amruhusu aende masomoni au kwenye mikutano ya Chama cha Makatibu Mahsusi Tanzania, TAPSEA, bila kuhesabu siku hizo kuwa hasara. Nafasi ya ofisa utawala ikitokea ndani ya taasisi, jina la katibu mwenye sifa liwemo kwenye mapendekezo tangu mwanzo.