Kabla ya Kulipa Kodi Dar es Salaam, Usome Kwanza Mtaa



Mananasi yakishauzwa, ndipo maneno ya kwenda Dar es Salaam yanapoanza hapa Kiwangwa. Huyu anakwenda kutafuta kibarua. Yule anamfuata mumewe. Mwingine ana binti aliyepata mahali pa kujifunza ushonaji. Siku hizi safari yenyewe si kazi. Barabara ya lami kutoka Msata hadi Makofia inapita hapa hapa kwetu. Mtu anapanda gari asubuhi, mchana yuko mjini anatafuta chumba.

Hapo sasa ndipo penye mazungumzo yetu ya leo. Chumba watu wanakitafuta kwa saa moja, lakini wanakilipia kwa miezi sita.

Tupige hesabu kwanza. Tuseme chumba ni sh. 60,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Miezi sita ni sh. 360,000. Dalali aliyekuonyesha chumba naye anataka kodi ya mwezi mmoja, yaani sh. 60,000. Jumla ni sh. 420,000. Kama nanasi moja uliliuza sh. 500 shambani, hayo ni mananasi 840. Ukishalipa, halafu ukagundua kwamba mtaa haukaliki, kurudishiwa fedha hizo ni shida kubwa. Wengi hukaa hapo hapo na hofu yao mpaka miezi iishe.

Basi tufanyeje? Sisi tunasema hivi: mkulima wa mananasi anajua tayari jinsi ya kuchagua mahali. Haanzi na jembe. Hutazama kwanza ardhi inainamia wapi, kwa sababu nanasi halipendi maji yanayotuama, mizizi yake huoza. Hutazama majani yaliyoota. Humwuliza mwenye shamba la jirani mambo ya miaka iliyopita. Lakini mtu huyo huyo akifika mjini, akaonyeshwa chumba kilichopakwa rangi jana, bei nafuu, anashukuru na kulipa. Hata nyuma ya nyumba hakwenda kuchungulia!

Tuanze na maji, maana maji yamewaumiza wapangaji wengi wa Dar es Salaam.

Jiji hilo lina mto unaoitwa Msimbazi. Unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya makazi ya watu, unashuka Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi ukiuona utaucheka. Ni kijito tu, chenye takataka. Lakini kuanzia tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha mfululizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna hiyo haikuwa imeonekana jijini kwa zaidi ya miaka 50. Maji yalijaa bondeni, watu wakapanda juu ya mapaa ya nyumba. Watu wapatao 40 walikufa, na maelfu walipoteza makazi. Baada ya hapo serikali iliwapa wengi viwanja Mabwepande, upande wa Bunju. Sisi wa huku tukienda mjini kwa njia ya Bagamoyo tunapita karibu na hapo.

Sasa, mtu anayekuja kutafuta chumba wakati wa jua kali atajuaje kwamba mahali hapo hujaa maji? Ukuta utamwambia. Tazama sehemu ya chini ya nyumba, hasa nyuma, ambako rangi mpya haikufika. Ukiona mstari wa tope, wa rangi ya kahawia, unaozunguka nyumba nzima kwa kimo kimoja, hapo ndipo maji yalipofika. Tazama vizingiti vya milango. Mjini utaona nyumba ambazo mbele ya mlango pamejengwa kijiukuta kidogo cha kuvuka kwa mguu. Hicho si urembo. Tazama viroba vya mchanga vilivyopangwa uchochoroni. Ukikaribishwa ndani kwa jirani, ukaona kitanda kimeinuliwa juu ya matofali na masanduku yamewekwa juu sana, usiulize tena.

Halafu uliza habari ya vyoo. Katika mitaa iliyobanana wako watu ambao mvua ikinyesha hufungulia vyoo vyao ili uchafu uende na maji. Wenyewe huita kutapisha choo. Uchafu huo hupita mlangoni kwa jirani, na watoto wanacheza humo. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kisha kikaenea karibu mikoa yote ya nchi. Kwa hiyo mtu anaposema anatafuta mtaa wa salama, asifikirie wezi peke yao. Mwizi huchukua redio. Kipindupindu huchukua mtoto.

Na kuna herufi moja ya kuiangalia sana: X. Ukiiona imeandikwa kwa rangi ukutani mwa nyumba unayoonyeshwa, simama. Alama hiyo huwekwa na wakubwa kwenye nyumba inayotakiwa kuvunjwa. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama hiyo, na nyingine zikavunjwa. Mwaka 2017 zilivunjwa nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ili barabara ipanuliwe. Na wako wenye nyumba ambao hupaka chokaa juu ya X wakaendelea kupokea kodi. Tazama ukuta vizuri, upande wa barabarani na upande wa bondeni.

Sasa tuje kwa wezi na vibaka, jambo ambalo watu wengi hulitaja la kwanza.

Mtu akisikia Manzese au Tandale, anashika mfuko wake. Akisikia Masaki, anatamani. Majina haya yamebeba sifa zake kwa miaka mingi, lakini jina la mtaa halikuambii kitu juu ya uchochoro ule utakaolala wewe. Tandale ni kubwa. Upo upande ambao mama anauza maandazi saa kumi na moja alfajiri bila wasiwasi, na upo upande ambao hata vijana wa hapo hapo hawapiti. Mitaa yenye kuta ndefu nayo ina taabu yake. Mtu unaweza kukaa miaka mitatu usijue jina la jirani, na ukipiga kelele kila mmoja anajifungia kwake.

Uvumi nao ni mbaya. Mwanzoni mwa Januari 2015 lilitajwa sana kundi la vijana lililoitwa Panya Road, lililovamia na kupora watu. Jioni moja habari zilienea kwamba wanakuja. Watu wakafunga maduka, wakakimbia, hata mahali ambapo hapakuonekana panya wala paka. Mwaka 2022 vijana wa namna hiyo walirudi tena, wakiingia majumbani usiku na mapanga, na safari hii watu waliumizwa kweli na wengine wakauawa. Kwa hiyo hatusemi kwamba hatari ni maneno ya watu tu. Tunasema usikubali kuambiwa na mtu aliye mbali. Nenda mwenyewe.

Na unapokwenda, nenda mara mbili. Mara ya kwanza mchana, mara ya pili saa mbili au saa tatu usiku. Usiende peke yako, na usivae wala kushika kitu cha thamani. Mtaa wa mchana na mtaa wa usiku ni mitaa miwili. Usiku tazama haya: Je, taa zinawaka barazani? Je, kina mama bado wanauza samaki na mihogo ya kukaanga? Je, watoto wanatumwa dukani? Je, nguo zimeachwa kwenye kamba? Mahali ambapo mtu huanua kila kitu jua likizama, hata ndala na ndoo, wenyewe wana sababu. Lakini mahali ambapo wanawake wanatembea peke yao usiku wakisalimiana kwa majina, huo ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya madalali kumi.

Kina mama tuwasikilize hasa katika jambo hili. Mwanaume atasema mtaa ni mzuri kwa sababu yeye hajaguswa. Mwanamke atauliza: bomba la maji liko wapi? Choo kiko ndani au nje, na usiku njia yake ina taa? Kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani ni dakika ngapi, na pana vichaka au nyumba zisizokwisha kujengwa? Binti anayetoka kazini giza limeingia anaishi na maswali hayo kila siku.

Nani wa kuulizwa? Dalali hapana, yeye anataka mwezi wake mmoja. Mwenye nyumba naye ni vile vile. Muulize mtu ambaye hapati kitu ukihamia, wala hapotezi kitu usipohamia. Mama ntilie ni mwalimu mzuri, kwa kuwa anafika mapema na kuondoka jioni. Kula kwake kwanza, kisha zungumza kwa adabu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mimi mgeni, natoka Kiwangwa. Nataka kupanga kule nyuma, karibu na mtaro. Wewe unge­mruhusu mwanao akae kule?"

Ukimuuliza kama mtaa una wezi, atakujibu kwa mkato, maana mtu hapendi kutukana kwao. Lakini swali la mwanawe litamfanya afikiri. Akinyamaza kidogo na kutazama sufuria, umekwisha jibiwa.

Mwingine ni kijana wa bodaboda. Mwulize atakupeleka huko saa tano usiku kwa bei gani, kisha mwulize bei ya mchana. Tofauti ikiwa kubwa mno, au akisema usiku haendi kabisa, andika katika daftari lako. Na hata huku kwetu wapo watu wa kuwauliza. Wale wanaopeleka mananasi katika masoko ya Dar es Salaam wanafika huko usiku na alfajiri, saa ambazo mji unaonyesha uso wake. Mtu hana haja ya kusafiri kabla hajawauliza hao.

Baada ya hapo, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Hapa wengi huona haya. Mjini pana mwenyekiti wa mtaa, aliyechaguliwa na wakazi, na pana mtendaji. Toka nyumbani na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chako. Barua hiyo inakusaidia uingie ofisini kama mtu anayejulikana kwao. Uliza kama nyumba hiyo wanaifahamu, na kama mwenye nyumba ni huyo kweli, maana wapo matapeli wanaokodisha chumba kimoja kwa watu watatu. Uliza kama mtaa una ulinzi shirikishi. Huo ni ulinzi wa wananchi wenyewe, mtoto wa sungusungu iliyoanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama upo, uliza walinzi ni kina nani, wanazunguka saa ngapi, na mchango ni kiasi gani. Ukiambiwa upo, lakini hakuna awezaye kutaja jina la mlinzi hata mmoja, basi haupo.

Tazama pia kama gari linaweza kufika. Moto ukizuka, gari la zimamoto halipiti uchochoro wa baiskeli. Mgonjwa naye atabebwa mgongoni mpaka barabarani. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya zimamoto ni 114. Ziandike, lakini utahitaji kuwaeleza jina la mtaa na mahali pa kuingilia. Jifunze hayo siku ya kwanza.

Mwisho ni mkataba. Ndugu, umehangaika kujifunza kusoma, sasa kisomo kifanye kazi. Usiweke sahihi kwenye karatasi uliyosomewa na mtu mwingine. Soma mwenyewe polepole, hata kama dalali anakuharakisha na kusema kuna mteja mwingine njiani. Mteja huyo wa njiani tumemsikia miaka mingi. Jina la mwenye nyumba, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mashahidi, vyote viwepo. Kama unaweza, lipa mbele ya mjumbe au katika ofisi ya mtaa, uchukue na risiti.

Haya yote huchukua siku mbili au tatu. Ukiwa na ndugu wa kufikia, kaa kwake siku hizo. Kama huna ndugu, mlipe mtu nauli aende kabla yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Chumba cha bondeni ni sh. 40,000 kwa mwezi. Chumba cha mlimani ni sh. 55,000. Tofauti kwa miezi sita ni shilingi ngapi? Linganisheni na bei ya godoro, gunia la unga na sare za shule za watoto wawili.

Ni nani katika kijiji chenu aliyewahi kukaa Dar es Salaam? Mwalikeni awaeleze mtaa aliokaa, mchana na usiku.

Andika barua fupi kwa ndugu yako aliyeko mjini, ukimwomba akakutazamie chumba. Mtajie mambo matano ya kutazama, na saa ya kwenda.