Kutibu Usemi na Usikivu: Nani Husamehewa Leseni? Maswali kutoka Katavi

Katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, mzazi wa mtoto mzito wa kusikia aghalabu hukutana na wengi wenye nia ya kumsaidia kabla ya kukutana na mmoja aliyeisomea kazi hiyo. Ndiyo maana maswali yafuatayo, ijapokuwa yanatoka kwa watu wa hali mbalimbali, yote yanauliza jambo moja: ni nani aruhusiwaye kuligusa sikio na ulimi wa mwenziwe bila ya kuwa na leseni, na ruhusa hiyo inakomea wapi.

Je, mtabibu wa usemi au mpimaji wa usikivu anawajibika kuwa na leseni kama daktari?

Naam. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, inayosimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Afya shirikishi ndiyo fani ya wale wanaofanya kazi bega kwa bega na daktari ilhali wao wenyewe si madaktari, na humo ndimo wanamoingia mpimaji wa usikivu na mtabibu wa usemi. Muradi wa sheria si kuwatukuza wenye vyeti, bali ni kumhifadhi mgonjwa, ambaye kwa kutojua fani hana namna ya kupambanua baina ya stadi na mjuaji wa maneno matupu.

Ikiwa leseni ni hifadhi, mbona sheria za nchi nyingi huwasamehe baadhi ya watu?

Kwa sababu sheria inayokataza kila msaada ila wa mwenye leseni huishia kuwadhuru wale wale iliokusudia kuwahifadhi. Jimbo la Florida, la kwanza huko Marekani kuweka leseni kwa fani hizi mnamo mwaka 1969, na majimbo yaliyolifuata, aghalabu yamewasamehe daktari aliye na leseni yake mwenyewe, mwanafunzi anayesimamiwa na mwalimu wake, na mfanyakazi anayepima kwa uchunguzi wa awali tu ili kuwatenga wanaohitaji kupelekwa mbele.

Kwetu haja ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini hazina hata mpimaji mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja, na kwamba ni asilimia 17 tu zenye mtabibu wa usemi mmoja au zaidi kwa idadi hiyo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha watabibu wa usemi mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kimeingia katika njia hiyo. Walakini mpaka matunda yake yaenee hadi Mishamo na Ikola, mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza kama mtoto huitika anapoitwa, na kama masikio yake hutoka usaha, astahili kuhimizwa, wala si kutishwa.

Mimi ni mwalimu mjini Mpanda. Nikimfundisha mwanafunzi kiziwi kutamka maneno na kutumia lugha ya alama, navunja sheria?

La hasha, mwalimu. Kazi yako ni elimu, na elimu ina sheria zake. Shule ya Viziwi Tabora, ambayo mkazi wa Mpanda huifikia kwa reli ipitayo Kaliua, ilianza mwaka 1963, na tangu hapo walimu wa viziwi wamefanya kazi ya usemi na lugha ambayo nchi ingeikosa kabisa kama ingalingoja watabibu. Lakini mpaka upo: fundisha, angalia, andika unayoyaona na umwarifu mzazi, usitoe hukumu juu ya ugonjwa, wala usimvishe mtoto shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) ambayo hakupimiwa.

Mwanangu wa miaka mitatu hasemi. Mganga wa hapa Katumba ataka kumkata udata (utando unaoushika ulimi kwa chini), na asema sheria yamruhusu.

Mama, nakuomba usikubali. Ni kweli kwamba sheria ya zamani ya madaktari, tuliyoirithi kutoka enzi ya ukoloni, iliwasamehe waganga wanaotambuliwa na jamii zao, lakini iliwafunga kwa masharti mawili: watibu ndani ya jamii yao tu, na wasitende jambo la kuhatarisha uhai. Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, mganga naye hutakiwa asajiliwe. Na kisu kinywani mwa mtoto, chenye kuleta kutoka damu nyingi, vidonda vya usaha na pepopunda, hakiwezi kuhesabiwa kuwa mchezo.

Fauka ya hayo, udata huweza kutatiza baadhi ya sauti, lakini si sababu ya mtoto kukosa usemi kabisa. La kwanza kuchunguzwa ni masikio, kwani homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya siku za kwanza, usaha wa sikio usiotibiwa, na hata dawa kama gentamaisini, vyote huweza kuondoa usikivu, na asiyesikia maneno hawezi kuyaiga. Anzia zahanati, uombe rufaa hadi kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nasikia Marekani shimesikio huuzwa dukani bila cheti cha daktari. Nami nina duka, naweza kuuza?

Umesikia sawa, lakini nusu. Kanuni iliyoanza kutumika huko Oktoba 2022 inawahusu watu wazima wa miaka 18 na zaidi ambao usikivu wao umepungua kidogo au kwa wastani. Watoto hawamo, na mtengenezaji amewekewa kikomo cha ukali wa sauti. Kwetu vifaa tiba vimo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, napo ndipo pa kuulizia kwanza. Kifaa chenye sauti kali kupita kiasi huweza kuharibu usikivu uliobakia, na hasara hiyo hairudishwi kwa fedha.

Na wageni wanaokuja kwa kambi za matibabu?

Hisani yao twaipokea kwa shukrani, lakini mtaalamu mgeni hutakiwa kupata usajili wa muda kabla ya kumgusa mgonjwa. Zaidi ya hayo, ulizeni ni nani atakayebaki. Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio mwaka 2017, ilidhihirika kwamba upasuaji ni kazi ya saa chache, ilhali kumfundisha mtoto kusikia na kusema ni kazi ya miaka.

Hukumu yako ni ipi?

Kwamba kusamehewa leseni si kusamehewa dhamana. Adrian Atiman, aliyewatibu watu wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956, aliusomea utabibu Malta kabla ya kufika kwenu. Hakuja na huruma peke yake. Basi wenye mamlaka na wapanue ruhusa ya kufundisha na ya kuchunguza awali, na waibane ruhusa ya kisu na ya kifaa. Nawe mzazi, kabla hujamkabidhi mtu mwanao, muulize: umesajiliwa na nani, kama hukusajiliwa, wasimamiwa na nani, na ukikosea, utajibu mbele ya nani? Asiye na jibu, mshukuru kwa nia yake, kisha mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo.